Flashi, Filamu na Nyuso za Safu ya Nyuma: Picha za Harusi Zetu Nateete



Katika nyumba nyingi za Nateete ipo albamu moja ambayo hutolewa kabatini akija mgeni wa heshima. Jalada lina maua, kurasa zina gundi iliyogeuka rangi ya chai, na ndani ipo picha ya nikaha ya miaka ya 1990. Shehe yuko katikati, bwana harusi ubavuni kwake, walii na mashahidi wamepangana, wote wamevaa kanzu nyeupe. Kanzu zimetoka vizuri hata mishono ya shingoni unaweza kuihesabu. Nyuso ndizo hazikutoka. Na kule nyuma mlangoni, waliposimama jjajja na ssenga, ni giza tupu. Unajua kwamba ni wao kwa sababu umeambiwa.

Watoto huuliza kama kweli jjajja alikuwa mweusi kiasi hicho. Watu wazima hujibu kwamba mpiga picha hakujua kazi. Kwa muda mrefu na sisi tulijibu hivyo, mpaka tulipoanza kukusanya picha za zamani za familia zetu na kuzitazama pamoja na negativu zake. Hapo tuliona kwamba lawama ile tumeitua mahali pasipo pake. Mpiga picha wa harusi zetu mara nyingi alikuwa ni mjomba tu, au jirani mwenye kamera, au kijana wa sekondari aliyeazima. Hakulipwa, alikula pilau kama wengine. Alichagua flashi na filamu kwa fedha aliyokuwa nayo, na mambo yaliyoamua nani ataonekana na nani hataonekana yalikuwa yamekwisha kupangwa mbali sana na Nateete.

Tuanze na hiyo kanzu, maana ndiyo chanzo cha nusu ya matatizo. Nguo nyeupe ilikuja Buganda na misafara ya pwani. Ahmed bin Ibrahim anatajwa kufika kwa Kabaka Ssuuna mwaka 1844, na karne ile ile wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na makazi yao hapa hapa Nateete, magharibi ya ikulu. Kwa hiyo tuliivaa kanzu kabla hatujaiona kamera. Kamera nayo haikukawia: mwaka 1875 Henry Morton Stanley alimpiga picha Kabaka Muteesa pamoja na wakuu wake. Baganda waliita picha ekifaananyi, na Mswahili hahitaji kutafsiriwa neno hilo, kwani shina lake ni lile lile la kufanana. Tulikusudia tangu mwanzo kwamba picha imfanane mtu. Hilo ndilo dai letu mpaka leo.

Wakati wa Stanley hapakuwa na flashi. Mtu alisimama juani akatulia. Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walichanganya unga wa magnesiamu uliolipuka kwa mwanga mkali na moshi mwingi, kitu ambacho usingependa kukiwasha chini ya turubai la harusi. Mwaka 1929 ilitoka Ujerumani balbu ya flashi, ambayo huungua mara moja ikatupwa. Halafu ikaja flashi ya umeme, iliyotokana na kazi ya Harold Edgerton kule Marekani katika miaka ya 1930, ambayo hupiga mara mia na zaidi kwa betri zile zile. Hii ndiyo iliyowafikia wajomba zetu.

Lakini kwanza kulikuwa na zama za studio. Kwa miaka mingi kamera haikuja harusini, bali maharusi ndio waliokwenda kwa kamera. Zanzibar walikuwa na Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na huku Kampala pia studio nyingi zilikuwa za Wahindi. Taa ilikuwa imefungwa mahali pake, pazia liko nyuma, mpiga picha anaijua kila hatua ya sakafu yake. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, na ilisafishwa kwa mkono katika chumba cha giza. Hili tunaomba msomaji alishike, litatufaa mbele. Fundi alipoona kanzu imetoka safi na uso umezama, aliweka kiganja au kipande cha karatasi juu ya uso kuuzuia mwanga kwa sekunde chache, uso ukatoka. Aliutazama uso wa mteja wake kabla ya kuutoa.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, wakapewa siku 90. Studio na maduka ya vifaa yakabaki bila wenyewe. Na tazama mambo yanavyokutana: mwaka huo huo wa 1972 Kodak ilitoa C-41, yaani njia mpya ya kusafisha filamu za rangi, ambayo baadaye karibu dunia nzima iliifuata. Wakati wenzetu kwingine wanahamia kwenye rangi, huku kwetu filamu, karatasi na dawa viliadimika, na kilichopatikana kilipita kwa magendo kama sukari na sabuni. Zikafuata vita vya 1979 na vile vya miaka ya 1981 mpaka 1986. Si kwamba watu waliacha kuoana. Familia nyingi zina pengo katika albamu zao, zikiruka kutoka picha ndogo nyeusi na nyeupe za miaka ya 1960 mpaka picha za rangi za mwishoni mwa miaka ya 1980, na katikati kuna watoto waliozaliwa na wazee waliofariki bila picha. Ndiyo maana kazi kama ile ya kuhifadhi picha za Deo Kyakulagira, mpiga picha wa Kampala ambaye familia yake ilizitunza na kitabu chake kikatoka mwaka 2014 katika mfululizo wa Ebifananyi, inatugusa kuliko inavyoonekana.

Amani iliporudi mjini zilikuja mashine za kusafisha picha kwa saa moja, na hapo ndipo mjomba mwenye kamera alipozaliwa. Miaka ya 1990 ilikuwa yake. Kabaka Mutebi alipofunga ndoa Namirembe tarehe 27 Agosti 1999, mji mzima ulikuwa na kamera za filamu mikononi. Katika harusi zetu za kawaida kulikuwa hata na vijana wa kujitafutia ambao hawakualikwa na mtu. Walipiga picha za wageni wakati wa nikaha, wakapanda bodaboda kwenda kusafisha, na kabla sinia za chakula hazijaondolewa walikuwa wamerudi wakiuza picha meza kwa meza. Wengine wetu tumenunua picha zetu wenyewe namna hiyo, tena kwa kubembelezwa.

Mjomba alifika dukani siku moja kabla ya harusi. Nyuma ya kioo kulikuwa na vijisanduku vya njano vya Kodak, vya kijani vya Fuji, pengine Konica au Agfa, na juu yake namba: 100, 200, 400. Muuzaji alimwambia kwamba 100 ni ya juani, 400 ni ya usiku, na 200 ni ya kati. Si uongo, lakini kwa harusi ya Nateete ilikuwa ni nusu ya habari. Hakuambiwa kwamba kuchagua filamu ni sawa na kuchagua flashi.

Tueleze, maana wengi waliumia hapo. Kila flashi ina namba ya mwongozo, inayotajwa kwa mita kwa filamu ya 100. Ukiigawa namba hiyo kwa umbali wa mtu unayempiga, unapata tundu la lenzi la kuweka. Flashi ndogo ya namba 20 kwa mtu aliye mita 2.5 inatoa f/8. Ukiweka filamu ya 400 flashi ile ile inakuwa kama ya namba 40, na kwa f/8 hiyo hiyo inafika mita 5. Hukununua flashi nyingine, umebadilisha filamu tu. Flashi iliyopendwa na wengi duniani, Vivitar 283, iliyotoka katika miaka ya 1970, ilikuwa na namba ya 36 hivi, kwa hiyo mwenye nayo aliweza kutumia filamu ya 100 akapata picha safi. Lakini ilikuwa na bei yake. Mwenye kamera ya mfukoni, ile yenye flashi ndogo kama ukucha, alifika mita 3 basi kwa filamu ya 100. Zaidi ya hapo alikuwa anapiga picha ya giza. Na wengi wa wajomba walinunua 100, kwa sababu ilikuwa rahisi na kwa sababu nchi yetu ina jua.

Jua lenyewe lilikuwa na vituko vyake. Kampala iko karibu kabisa na ikweta, na saa sita mchana jua liko utosini. Kofia na paji la uso huangusha kivuli kwenye macho, mtu akatoka kama aliyefumba. Dawa yake ni kuwasha flashi mchana, jambo ambalo wageni walilicheka wakidhani mjomba amechanganyikiwa. Ukikimbilia kwenye turubai, mwanga unapita kwenye kitambaa cha bluu au kijani na bibi harusi anageuka rangi ya jani la mgomba. Wengine walisoma kwamba flashi nzuri huelekezwa juu igonge dari na kushuka taratibu. Ushauri huo ni wa nyumba zenye dari nyeupe ya chini. Ukifanya hivyo chini ya turubai umeukoleza ule ukijani, na ukifanya msikitini, ambako paa liko mbali, mwanga haurudi kabisa.

Na mmoja wetu, tusimtaje, alikuwa na Zenit ya Kirusi. Shata ya kamera ile inaendana na flashi kwa 1/30 ya sekunde tu. Yeye aliiweka 1/125 kwa kuogopa mtikisiko. Katika picha zote 36 bibi harusi anaonekana na bwana harusi hayupo, mahali pake pana ukuta mweusi ulionyooka kutoka juu hadi chini. Ndoa ile inaendelea vizuri alhamdulillah, ila shemeji hajasahau.

Sasa turudi kwenye nyuso. Mwanga wa flashi hupungua kwa haraka kuliko tunavyodhani. Aliye mbali mara mbili hapati nusu, anapata robo. Mjomba alisimama mita 2 kutoka safu ya mbele, na safu ya nyuma ilikuwa mita 4. Kwa hiyo shehe alipata mwanga kamili na jjajja akapata robo yake. Kama angerudi nyuma, safu ya mbele iwe mita 4 na ya nyuma mita 6, walio nyuma wangepata karibu nusu, na tofauti hiyo filamu ya rangi huivumilia. Lakini ili arudi nyuma alihitaji filamu ya 400 au flashi kubwa. Unaona, ndugu msomaji, jinsi shilingi chache za dukani zilivyoamua habari za mtu aliyesimama mlangoni. Na mlangoni walisimama akina nani? Si wageni wa heshima, bali waliokesha wakipika, na wazee wa kike ambao kwa adabu hawakutaka kusogea mbele.

Kanzu iliongeza lake. Flashi za kujipima zenyewe zina jicho dogo linalokata mwanga likiona umetosha. Jicho hilo likikutana na kanzu kumi nyeupe hukata mapema, na anayepunjwa ni uso. Waliojifunza kwa makosa walikuwa na ujanja wao: filamu ya 200 waliiambia kamera na flashi kwamba ni ya 100, kila kitu kikapata mwanga mara mbili. Negativu ya rangi inastahimili mwanga wa ziada vizuri sana, hata mara nne, ila ukiipunja haikusamehi. Ujanja huo ungeandikwa kwenye kila kijisanduku kilichouzwa Afrika, tungekuwa na albamu nyingine kabisa. Maelekezo yaliyokuwemo yalichora jua, wingu na ufuo wa bahari.

Hapa pana jambo zito zaidi. Tangu miaka ya 1950 Kodak ilipeleka kwa wasafishaji wa picha kadi ya kurekebishia rangi, yenye picha ya mwanamke mweupe, na kadi hizo zikazoeleka kwa jina la Shirley. Uso wake ukitoka sawa mashine imekaa sawa. Lorna Roth, mtafiti wa Kanada, aliandika habari hii mwaka 2009 na akaonyesha kwamba kampuni ilianza kuhangaikia vivuli vya rangi ya kahawia si kwa sababu ya malalamiko ya watu weusi, bali kwa malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao zilitoka vibaya katika matangazo. Kadi zenye nyuso za rangi mbalimbali zilikuja katika miaka ya 1990. Mbao zilisikilizwa kabla yetu. Tunaandika hili bila hasira, lakini hatuoni sababu ya kulipunguza.

Na ile mashine ya saa moja ilimaliza kazi. Mashine haijui kanzu wala uso. Inapima negativu nzima, inataka wastani wake utoke kijivu. Ikipewa picha iliyojaa nguo nyeupe hudhani imezidi kung'aa, inaitia giza, kanzu zinashuka kidogo na nyuso zinazama kabisa. Kijana aliye kwenye mashine angeweza kubonyeza kitufe na kurekebisha picha moja moja, lakini nje kulikuwa na foleni ya harusi tano za Jumamosi, na yule muuza picha wa bodaboda anahema mlangoni. Kile kiganja cha fundi wa zamani hakikuwepo tena.

Kwa upande wa akina mama hadithi ilikuwa na sura nyingine. Ndani, ambako wanaume hawaingii, aliyepiga picha alikuwa dada au mpwa mwenye kamera ya mfukoni. Shida yake haikuwa mita 3 peke yake. Mkanda ule ungekwenda mjini kupita mbele ya macho ya watu asiowajua, na nakala ya ziada ingeweza kubaki. Pwani ya Kenya jambo hili lilizua maneno mengi, na Heike Behrend ameliandika kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 2013 juu ya picha na stara katika pwani ile. Wengine walisimama kando ya mashine mpaka karatasi ya mwisho itoke. Wengine waliona afadhali Polaroid, picha inayojisafisha mkononi na isiyopita kwa mtu. Tuliwasifu kwa hekima hiyo, na bado tunawasifu, ila Polaroid ya harusini haina negativu. Picha hizo zimefifia na hakuna pa kuzirudia. Stara ilipatikana, nyuso zimekwenda. Hatuthubutu kusema nani alichagua vizuri.

Kamera za dijitali zilitukuta katika mgao wa umeme wa 2005 na 2006, maji ya Ziwa Nalubaale yalipopungua, mashine mjini zikingojea jenereta. Agfa ya filamu ilifilisika 2005, Konica ikaacha biashara hiyo muda mfupi baadaye, na Kodak ikaomba ulinzi wa mahakama Januari 2012. Wajomba waliuza kamera zao au waliwapa watoto wazichezee. Wakati huo ndipo bahasha nyingi zilipotupwa, watu wakibaki na picha na kuona negativu ni takataka.

Tunawaomba msizitupe. Giza lililo kwenye albamu mara nyingi ni la karatasi, si la filamu. Chukueni negativu, mshike pembeni bila kugusa katikati, mwinue kwenye dirisha. Mambo yamegeuka humo: kanzu ni nyeusi tii, nyuso ni nyepesi. Penye uwazi mtupu kama kioo hakuna la kufanya, mwanga haukufika. Lakini mkiona ndani ya wepesi ule mistari ya jicho, pua, ukingo wa shungi, basi mtu yumo. Skana yenye taa ya negativu inaweza kumtoa, na kijana yeyote anayejua kompyuta atafanya kile ambacho fundi alikifanya kwa kiganja. Ziwekwe mahali pakavu, unyevu wa misimu yetu miwili ya mvua huzipandisha ukungu.

Ile picha ya nikaha tuliyoanza nayo tuliifanyia hivyo mwezi uliopita, fremu ya 22. Jjajja ametoka, amevaa gomesi yenye maua makubwa, na ssenga amemshika bega. Kando yao, pale ambapo siku zote tulidhani ni nguzo ya mlango, amesimama mwanamke wa tatu aliyebeba mtoto. Tumeizungusha kwa wazee wote waliohudhuria, bado wanabishana ni nani.